Glukosi ya Mzee Mhina

Shule ilikuwa nje kidogo ya mji wa Korogwe, upande wa Kwamndolwa, na mtu yeyote aliyefika pale na shida yake, awe mzazi, awe mkaguzi, awe muuza mkaa, alianzia dirishani kwa Bi Mwantumu. Dirisha lile lilikuwa na kibao cha mninga ambacho viwiko vya watu vilikisugua mpaka kikang'aa kama kimepakwa mafuta. Nyuma ya kibao alikaa yeye na mtandio wake mweupe, mashine ya chapa mbele yake, na mhuri wa shule ndani ya kopo tupu la maziwa. Alipokea wageni, alichapa barua za Mkuu, alikata stensili, na saa ikifika alitoka nje kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mwarobainini, wanafunzi wakabadilisha vipindi.

Kulikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyemwandikia. Shule ni ya bweni, watoto wametoka mbali, na huko mbali watu wanakufa. Habari hizo nazo zilianzia dirishani.

Sasa, hakuna mtu anayetoka Handeni vumbi mpaka kwenye nyusi, akafika ofisini na kusema fulani amekufa. Hilo halisemwi. Atasema mama yake mtoto hajisikii vizuri, au baba yake kaanguka kidogo, anamtaka mtoto afike amwone. Aliyetumwa anajua, anayepokea anajua, na mtoto naye atajua akiwa njiani, taratibu, au atakapokaribia kwao na kuona watu wamejaa uani. Bi Mwantumu alikwisha kuwazoea wajumbe hao. Akipewa kiti, mjumbe wa kifo hakai. Akipewa maji, anayashika tu. Akiulizwa swali moja analijibu mara tatu, macho yakiwa chini. Bi Mwantumu alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho, kisha anakwenda mlangoni mwa darasa na kumwambia mtoto, "Chukua kanga zako, unaitwa nyumbani, mgonjwa anakuulizia." Ilifika mahali wanafunzi wakimwona anakuja darasani mikono mitupu, hana karatasi ya tangazo, darasa zima linanyamaza na kila mtu anajiombea asiwe yeye.

Na yeye walimjia vile vile. Mumewe, Hiza, alikuwa mtu wa reli pale stesheni. Siku moja alikwenda Mombo kwa ndugu zake, na kesho yake shemeji yake akasimama dirishani akasema, "Shemeji, Hiza kateguka kidogo, twende." Maji aliyopewa hakuyanywa. Bi Mwantumu akafunika mashine ya chapa kwa kitambaa chake, akapanda basi, akafika akakuta udongo wa kaburi umekwisha kumwagiwa maji na bado haujakauka.

Hakulia. Watu walimngojea alie, hakulia. Alikaa eda akaimaliza, akarudi kazini. Chakula alikila, sala aliziswali kwa wakati wake, Ramadhani alifunga na sita za Shawali juu yake. Lakini ilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, unauona ni wako, ukiubana hauumi. Mwaka wa pili ulikuwa unakwisha, na mkono haujaamka.

Ndipo, Jumanne moja ya Novemba, mwaka uliofuata ule wa njaa na unga wa njano wa msaada, akasimama dirishani mzee mmoja mrefu, mwembamba, kanzu yake ina mistari ya mikunjo kama imetolewa sandukuni asubuhi ile ile.

"Hodi, mama."

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi naitwa Abdi, natoka Handeni, huku ndani, kijiji kipya, tulikohamishiwa. Nina mtoto hapa. Tatu binti Mhina. Mhina ni mdogo wangu, tumbo moja."

"Tatu namfahamu. Kidato cha nne. Kaa kwenye kiti, mzee."

"Nimekaa sana kwenye basi, mama. Acha nisimame."

Bi Mwantumu akamletea maji. Mzee Abdi akayapokea kwa mikono miwili, akayatazama, akayaweka kwenye kibao.

"Baba yake Tatu ni mgonjwa," alisema. "Ni mgonjwa. Anamtaka mtoto wake. Ni mgonjwa, mama."

Mara tatu. Bi Mwantumu akaangalia kanzu, akaangalia maji. Moyoni mwake akasema, Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, na wala hakusikia kitu zaidi ya maneno yenyewe. Akaingia kwa Mkuu.

Mkuu wa shule, Ndugu Ernesti, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ratiba. Wiki ile ilikuwa ya mtihani wa kidato cha nne, na alikuwa analala saa chache, macho mekundu, bahasha za serikali zimefungiwa kabatini na ufunguo uko shingoni mwake kama hirizi.

"Amekufa?" aliuliza.

"Hakusema hivyo."

"Hawasemi hivyo. Si wewe mwenyewe uliyenifundisha? Hebu niambie, unavyomwona wewe, amekufa?"

Bi Mwantumu akafikiri juu ya yale maji. "Naona hivyo, Mkuu."

"Na ninyi Waislamu hamlazi maiti. Kwa hiyo amekwisha kuzikwa."

"Kama ni jana, amezikwa jana."

"Basi mtoto anakwenda kuona udongo." Ndugu Ernesti alivua miwani akajisugua pua. "Mama Mwantumu, yule ni msichana wa kwanza kutoka kijiji chake kufika kidato cha nne. Bado karatasi za kesho na keshokutwa. Akiondoka leo ameacha miaka minne mezani. Udongo utamngoja. Alhamisi akimaliza, mimi mwenyewe nitampa nauli. Na asiambiwe kitu. Akiambiwa hataandika hata jina lake."

Hilo lilikuwa na maana. Bi Mwantumu aliligeuza upande huu na upande huu, akaona lina maana. Yeye mwenyewe alikimbia mpaka Mombo, na alichokikuta ni udongo.

Alirudi dirishani akamweleza mzee kuwa kuna mtihani wa serikali, mtoto hatoki mpaka Alhamisi jioni, basi atapanda Ijumaa. Mzee Abdi alisikiliza na kofia yake mkononi.

"Kama serikali imesema hivyo," akasema. Akairudisha kofia kichwani. "Ila mama, Ijumaa ni mbali."

"Mungu atasaidia, mzee."

"Amina." Akageuka kwenda zake. Maji akayaacha juu ya kibao, na Bi Mwantumu akayamwaga chini ya mwarobaini.

Alasiri ile, kazi ilipokwisha, alikwenda mjini kutafuta sabuni. Sabuni ilikuwa imekuwa kitu cha kuulizia duka hadi duka, na kwa Dhirajlal ndiko ulikoweza kupata kipande ikiwa Damayanti, mke wa mwenye duka, amekukumbuka na kukufichia. Damayanti alikuwa amekaa juu ya gunia la chumvi akijipepea kwa kipande cha boksi.

"Mama Hofisi! Sabuni iko, nusu. Usiseme kwa watu."

"Ahsante, mama."

"Mzee wenu amepata basi?"

"Mzee gani?"

"Mrefu, kanzu. Anasema ametoka shuleni kwenu, mtoto amenyimwa ruhusa. Maskini, amezunguka duka zote anatafuta glukosi. Nimempa pakiti ya mwisho, niliweka kwa mama mkwe wangu. Mama mkwe atanipigia kelele mpaka Diwali."

Bi Mwantumu alikuwa anafunga sabuni kwenye ncha ya kanga. Mkono ukasimama.

"Glukosi ya nani?"

"Ya mgonjwa! Anasema mdogo wake hawezi kumeza ugali wa njano, unamkwama hapa. Anameza uji mwepesi tu, na chungwa."

"Amekuambia mgonjwa."

"Sasa wewe mama, umekuwaje? Maiti anakunywa glukosi?"

Bi Mwantumu akampa pesa za sabuni. Alitoka, sabuni ikiwa imefungwa nusu, akaenda moja kwa moja msikitini, ambako msafiri asiye na mwenyeji hulala. Hakuingia. Alisimama upande wa bomba la kutawadhia mpaka watu wakatoka, na Mzee Abdi akatoka nao, kifurushi kwapani, machungwa mawili yanachungulia.

"Mzee, nisamehe kwa nitakalokuuliza. Mhina yu hai?"

Mzee Abdi alirudi nyuma hatua moja. "Astaghfirullahi! Kwani nani kamuua?"

"Hukukaa kwenye kiti. Hukunywa maji."

"Nina jipu, mama! Nikae vipi? Na jana na leo nimefunga, nimemwekea mdogo wangu nadhiri apate nafuu. Nilikuambia ni mgonjwa. Nilikuambia mara ngapi?"

"Kila anayekuja dirishani husema ni mgonjwa."

Mzee yule alimtazama kwa muda mrefu, na polepole uso wake ukaanza kuelewa. Akaweka kifurushi chini.

"Sasa, mama," alisema, "mtu ambaye mgonjwa wake ni mgonjwa kweli aseme nini?"

"Anaumwa nini?" aliuliza Bi Mwantumu.

"Ni kifua," mzee aliendelea. "Tangu tuhamishwe. Nyumba yake upande mmoja haijakandikwa, baridi inampata. Juzi mganga wa zahanati akanivuta pembeni akasema, kama ana mtoto wa mbali, mwite sasa. Mimi nimekuja kumwita. Basi la Handeni linaondoka alfajiri. Nitapanda, nimpelekee hii glukosi, nimwambie mtoto ana mtihani. Atafurahi kusikia ana mtihani. Ila atakuwa ananiuliza hadi Ijumaa."

Kurudi shuleni jua lilikuwa linazama nyuma ya mkonge. Bi Mwantumu alipita nyumbani kwa Mkuu. Ndugu Ernesti alikuwa barazani anakula, sahani ya ugali wa njano na mchicha mapajani. Alimsikiliza, akaacha kutafuna.

"Yu hai? Alhamdulillahi, si ndivyo mnavyosema? Basi hiyo ni habari njema. Kama yu hai, ataweza kungoja mpaka Ijumaa."

"Mchana ulisema kwa kuwa baba amekufa, mtoto angoje."

"Nilisema."

"Na sasa kwa kuwa yu hai, angoje."

Ndugu Ernesti aliweka sahani chini. Hakukasirika, alichoka tu. "Mama Mwantumu, mimi sina dawa ya kifua. Ninayo karatasi ya kesho saa mbili. Hilo ndilo ninaloweza kumpa yule mtoto, na nitampa. Nenda kapumzike."

"Ndiyo, Mkuu," alisema Bi Mwantumu. Aliswali magharibi chumbani kwake, akakaa juu ya mkeka baada ya kutoa salamu, tasbihi mkononi haiendi. Kisha akainuka, akavaa viatu, akaenda bwenini kwa wasichana.

Walimwona kabla hajafika. Aliyekuwa anasuka nywele aliacha, aliyekuwa anasoma kwa sauti alinyamaza. Mikono yake ilikuwa mitupu. Tatu alikuwa amekaa kwenye ngazi na daftari la historia, akainua uso, na kwa vile macho ya Bi Mwantumu yalivyomkalia, akajua ni yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo huku kidogo."

Wakasogea mpaka kwenye kamba za nguo.

"Baba yako ni mgonjwa," alisema Bi Mwantumu.

Tatu aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabiwa kitu anachokijua. Hakulia. Alilikunja daftari likawa kama fimbo. "Wamemzika lini?"

"Hajafa. Ni mgonjwa."

"Ndiyo, mama. Nimeelewa."

"Hujaelewa. Nakuambia yu hai."

"Mama, si lazima." Sauti yake ilikuwa ya upole, kana kwamba yeye ndiye mkubwa. "Hata Grasiana mwenzetu ulimwambia mama yake kaumwa tumbo. Sote tunajua. Kama amekwisha kuzikwa, kesho nifanye mtihani. Nikikimbia ni kumkimbilia nani? Yeye mwenyewe angesema nifanye."

Ndiyo maneno ya Mkuu, na mchana ule yalikuwa maneno yake mwenyewe, sasa yanatoka kwa mtoto. Bi Mwantumu alisimama katikati ya nguo zilizoanikwa akatafuta neno, na kila neno alilolishika aliona amekwisha kulitumia. Mgonjwa, kalitumia. Anakuulizia, kalitumia. Ni kweli, kalitumia pia, kwa Grasiana.

"Baba yako mkubwa yuko msikitini mjini," alisema. "Muulize."

"Naye atasema hivyo hivyo."

Bi Mwantumu hakuwa mtu wa viapo. Tangu utoto alifundishwa kuwa jina la Mungu si la kufungia mizigo sokoni, na katika miaka yote ya dirishani hakuwahi hata mara moja kuapa juu ya mgonjwa ambaye hayupo. Alikuwa akiomba maghufira kila usiku kwa yale aliyoyasema, basi, lakini kuapa hakuapa. Akaukamata mkono wa Tatu.

"Wallahi," alisema. "Wallahi, billahi, watallahi. Baba yako leo yu hai. Amenunuliwa glukosi na machungwa mawili. Hawezi kumeza ugali. Anakuuliza. Kama nimekudanganya, Mungu asinikutanishe na mume wangu."

Tatu akamtazama. Daftari likafunguka lenyewe likaanguka kwenye majani.

"Mimi hawakuniapia," alisema Bi Mwantumu. "Nilikuta udongo una maji. Sikuambii nenda, sikuambii baki. Mtihani ni wako, na baba ni wako. Ila nimekuambia kilichopo."

Wasichana wengine walikuwa wamejipanga barazani. Tatu aliokota daftari, akalipangusa, akalipangusa tena.

"Nitachukua kanga zangu," akasema.

Bi Mwantumu alifungua ofisi, akachukua cheti cha ruhusa, akajaza jina na kijiji. Penye sahihi ya Mkuu aliandika k.n.y., na chini yake jina lake zima. Akagonga mhuri. Mlinzi wa getini, Simeo, alikiinua kile cheti kwenye taa akakisoma kwa kidole, akafika kwenye sahihi akasita.

"Mama, hii ni yako."

"Ni yangu."

"Mkuu akiniuliza?"

"Mwambie ni yangu."

Akamfikisha Tatu kwa Damayanti, mtoto akalala juu ya magunia, na alfajiri mzee na mtoto wakapanda basi.

Asubuhi, saa mbili, msimamizi wa mtihani aliita majina, na lilipofika jina la Tatu Mhina hapakuwa na wa kuitika. Ndugu Ernesti alikuja dirishani. Bi Mwantumu alikuwa amekwisha kuandaa kila kitu cha kukabidhi: mhuri ndani ya kopo lake, ufunguo wa ofisi, ufunguo wa kabati la karatasi. Mkuu alivitazama.

"Ungeniambia hata uongo," alisema. "Ungesema amekufa, ningeandika mtoto amepata msiba. Sasa niandike nini?"

"Andika ilivyokuwa, Mkuu."

Hakumfukuza. Alimhamishia stoo ya jikoni, kupima unga na maharage, na dirishani akawekwa kijana mmoja aliyemaliza mwaka wa jana, mwenye mwandiko mzuri. Bi Mwantumu alipima unga. Ulikuwa wa njano, mzito, unanuka gunia, na ulimpaka mpaka kwenye kope. Alikuwa akisikia reli ikigongwa, mgongaji bado hajajua kuigonga, anaipiga kama anafukuza mbwa. Hakuona uchungu. Alingojea auone, kama watu walivyomngojea yeye alie, haukuja.

Wiki ya pili, kivuli kirefu kilisimama mlangoni mwa stoo.

"Hodi, mama. Wamenielekeza huku."

"Karibu, mzee Abdi. Shikamoo. Kiti hapa hakuna, kuna ndoo."

"Marahaba. Jipu limepasuka, nitakaa." Akaipindua ndoo akakaa. Bi Mwantumu akamletea maji kwenye kikombe cha bati, na mzee akayanywa yote, akapangusa ndevu kwa kiganja, akamrudishia kikombe.

"Mhina amekufa," alisema.

Alisema hivyo hivyo, wazi, mchana, mpishi akiwa pale anapepeta maharage. Mpishi akaangusha ungo.

"Nimekuambia wazi kwa sababu wewe uliniuliza wazi," mzee alisema. "Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Tukamzika alasiri."

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Akakishika kile kikombe. Alhamisi. Basi la Ijumaa lingefika Ijumaa. "Tatu alimkuta?"

"Alimkuta. Siku nzima na usiku wake. Glukosi alimnywesha yeye, kwa kijiko, mimi alikuwa ananikatalia. Sasa nimekuja kuchukua sanduku la mtoto. Mkuu wenu kasema ataandika barua, labda mwakani wamruhusu, labda wasimruhusu. Hajui."

"Walizungumza? Yeye na baba yake?"

Hilo ndilo alilotaka kulijua, na alipolisikia likitoka kinywani mwake alishangaa. Kwa habari ya Hiza hakupata kumuuliza mtu.

"Walizungumza. Maneno ya kawaida tu. Nyumba, mbuzi. Akamuuliza, mwanangu, na mtihani?"

"Akasemaje?"

"Tatu akamwambia, nimekwisha kuumaliza, baba. Ulikuwa mwepesi."

Nje kule reli ikagongwa, ovyo, mara nyingi kupita inavyotakiwa.

"Akaamini?" aliuliza Bi Mwantumu.

"Kwa nini asiamini?" alisema Mzee Abdi. "Alikuwa amemwona mtoto wake amekaa pale. Angekuwaje pale kama mtihani haujakwisha?"

Akainuka, akaiweka ndoo sawa. Bi Mwantumu alimsindikiza mpaka bwenini, wakalichukua lile sanduku la bati, mmoja upande huu na mmoja upande huu, wakateremka nalo mpaka getini. Lilikuwa zito kwa ajili ya vitabu, na mpini wa upande wa Bi Mwantumu ulikuwa waya mtupu. Walipolitua, alifungua kiganja. Waya ulikuwa umemkata, mstari mwekundu, na ulikuwa unauma. Akakikunja kiganja, akamuaga mzee, akarudi stoo kabla maharage hayajawekwa jikoni.